Mpira ni wa Nani?

Yako maswali ambayo mtu hukutana nayo vitabuni, na yako mengine ambayo humfuata mlangoni kwake. Hili ninaloliandika lilinifuata mlangoni, hapa Ifakara, jioni ya Jumapili tarehe 5 Novemba 2023. Siku hiyo Simba na Yanga walikuwa wanakutana katika Ligi Kuu kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, nami nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yangu, kopo la maziwa ya unga likiwa mapajani, nikikusanya fedha za watu waliotaka kuingia kutazama.

Naomba msomaji asinihukumu kabla sijaeleza nilifikaje kwenye kopo hilo. Mechi za Ligi Kuu yetu zimekuwa zikionyeshwa na Azam TV kwa mkataba tangu mwaka 2013. Anayetaka kuzitazama nyumbani hana budi awe na king'amuzi, na awe amelipia kifurushi. Katika mtaa wetu wenye ving'amuzi tulikuwa wachache, na wenye kulipia mfululizo tulikuwa wachache zaidi. Mimi ni mwalimu, mtu wa mshahara wa mwezi, kwa hiyo nilikuwa miongoni mwa hao. Kila siku ya mechi kubwa sebule yangu ilijaa. Watoto walikaa sakafuni, vijana walisimama dirishani, na siku moja kochi likavunjika mguu. Umeme wa Luku nao uliisha kabla ya siku zake. Hapo ndipo kijana wangu wa pili alipokuja na shauri: watoto walipe shilingi 500 na wakubwa 1,000, kama wanavyofanya kwenye vibanda umiza kule sokoni. Nilisita kidogo, kisha nikakubali. Nilijiambia kwamba hiyo si biashara, ni kusaidiana gharama tu.

Yapata saa kumi na nusu alifika mzee mmoja jirani yetu. Jina lake sitalitaja, maana yu hai, na ni mtu asiyependa kusemwa. Ni mkulima wa mpunga, na ni Yanga tangu ujana wake. Alikuwa amevaa kofia yake ya kijani na njano, na fimbo mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Wameshaanza?"

"Bado kidogo."

Akainua mguu avuke kizingiti, ndipo akaliona kopo. Akanitazama. Nami, badala ya kusema "karibu ndani", nikausikia mdomo wangu ukisema, "Mzee, leo vijana wameweka utaratibu kidogo."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Aa, hakuna neno, Mwalimu. Mimi nilikuwa napita tu." Akageuka, akarudi kwake taratibu.

Jioni ile Yanga waliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Kwa msomaji asiyefuatilia mpira hiyo ni hesabu tu. Kwa mzee yule ilikuwa ni deni la miaka mingi. Mwaka 1977 Simba waliwafunga Yanga mabao 6 kwa 0. Mwaka 2012 wakawafunga tena 5 kwa 0. Miaka yote hiyo alitaniwa kijiweni, msibani, hata akiwa amebeba jembe kwenda shambani. Siku deni lake lilipolipwa mbele ya macho ya nchi nzima, yeye alikuwa upande wa pili wa uzio, na mimi, mtu wa Simba, nilikuwa ndani nimestarehe kitini.

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa yale mabao matano peke yake. Kilichonisumbua ni kumbukumbu ya mwaka 1993.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu kijana, mgeni katika bonde hili, sina redio wala baiskeli. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara hatukuwa nayo. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Mpira tuliusikia kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtaani kwetu redio iliyosikika vizuri ilikuwa ya mzee huyuhuyu, redio ya bendi tatu, nayo ilikula betri za National kama ng'ombe anavyokula majani. Zilipochoka alizianika juani, na zilipochoka kabisa aliuza kuku akanunua nyingine. Siku ya mechi aliitoa redio ndani, akaitundika kwenye tawi la mwembe, na hakumwuliza mtu yeyote ametoka wapi. Waliopita na baiskeli walishuka, wakaziegemeza, wakasikiliza. Akina mama waliendelea kutwanga na kupepeta mpunga pembeni, lakini masikio yao yalikuwa kwenye mwembe kama ya wengine, na mara nyingi wao ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza, "Nani kapiga?"

Mwishoni mwa mwaka ule Simba walifika fainali ya Kombe la CAF. Abidjan walitoka sare 0 kwa 0 na Stella, na mchezo wa marudiano ukawa Dar es Salaam. Mimi na Simba wenzangu tulikwenda kwa mzee kwa wasiwasi, maana tulijua yeye ni Yanga. Akatukaribisha wote, akasema, "Leo hapa hakuna Simba wala Yanga. Leo ni Tanzania." Tulifungwa 2 kwa 0. Baada ya bao la pili watu walikaa kimya chini ya mwembe mpaka giza likaanza kuingia. Mzee akazima redio, akasema hata betri zenyewe zimeugua. Hakumtania mtu siku ile. Alianza kututania kesho yake.

Miaka 30 baadaye mtu huyo alifika mlangoni kwangu, nami nikamwambia kuna utaratibu. Nimeliwaza sana neno hilo. Mtu akitaka kufanya jambo ambalo moyo wake haulikubali, hutafuta utaratibu wa kujificha nyuma yake. Sikusema "nataka shilingi elfu moja yako." Nilisema vijana wameweka utaratibu, kana kwamba nyumba ni ya vijana na mimi ni mlinzi niliyeajiriwa.

Basi nikaanza kujiuliza: mpira ni wa nani? Nani ana haki ya kusimama mlangoni na kopo, na nani ana haki ya kupita bila kulipa? Nitajaribu kujibu kwa haki, bila kumpendelea mtu, na kwanza kabisa bila kuipendelea huruma yangu mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba hakuna kitu kinachoitwa bure pasipo mtu wa kukilipia. Redio ile ya mwembeni tuliiita ya bure, lakini mtangazaji alilipwa mshahara na serikali, na serikali ilitoza kodi. Betri alizilipia mzee kwa kuku wake. Televisheni isiyolipiwa leo nayo hulipiwa na matangazo ya biashara, na matangazo hulipiwa na mnunuzi wa sabuni na soda. Mama anayenunua mche wa sabuni dukani amekwisha kulichangia lile tangazo lililowekwa katikati ya mchezo, awe ameutazama au hakuutazama. Kwa hiyo anayedai mpira wa bure hana budi aseme pia ni nani atakayebeba mzigo.

Jambo la pili ni kwamba wachezaji wanakula kama sisi. Zamani tuliwapenda sana na tukawalipa kidogo sana. Vilabu viliishi kwa viingilio vya mlangoni, ada za wanachama na hisani ya matajiri wachache, na siku mvua ikinyesha uwanja ukawa mtupu, mchezaji alirudi kwake mikono mitupu. Mpwa wangu alicheza madaraja ya chini kwa misimu minne. Alichobaki nacho ni jozi mbili za viatu na goti bovu. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hiyo huvifikia hata vilabu vya mikoani ambavyo watazamaji wao uwanjani ni wachache. Mtu anayefurahia mguu wa mchezaji kisha akachukia mchezaji huyo kulipwa, huyo anapenda kivuli cha mwembe na hataki kuumwagilia maji.

Jambo la tatu linaniuma kulikiri, lakini ni kweli. Kabla ya ving'amuzi, sisi wa Ifakara hatukuiona mechi ya watani kwa macho yetu, ila wachache waliopanda treni ya TAZARA au basi wakaifuata Dar es Salaam. Mtu hawezi kulia kwamba ameibiwa picha ambayo hakuwa nayo. Waliotandaza kamera uwanjani na kurusha picha hadi bondeni kwetu walituletea kitu kipya, na kuleta kitu kipya kuna gharama.

Basi kama haya yote ni kweli, dhamiri yangu ilinisuta kwa kosa gani?

Kwanza, niliuza kisichokuwa changu. Kifurushi nilicholipia kilikuwa cha kutazama nyumbani na watu wangu. Sikununua haki ya kufungua ukumbi wa maonyesho. Kwa hiyo sikuwa hata na lile kosa la heshima la mfanyabiashara anayeuza mali yake kwa bei kali. Nilikuwa dalali asiyetumwa.

Pili, nilijifunza pale mlangoni jinsi malipo yanavyowapanga watu. Msomaji akumbuke wale waliokuwa chini ya mwembe mwaka 1993: wazee, watoto, akina mama na nyungo zao, wapita njia. Sasa aingie kwenye kibanda umiza siku ya mechi. Atawakuta vijana wa kiume wamebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka, na jina la kibanda lenyewe linaeleza hali yake. Siwalaumu wenye vibanda. Kwa shilingi 500 wao ndio waliomfikishia picha mtu asiyeweza kununua king'amuzi, na wengi wao wanaishi kwa kazi hiyo. Lakini mama hayupo pale. Mzee mwenye mgongo mbovu hayupo. Mtoto wa kike hayupo. Hakuna aliyewafukuza; bei, benchi na giza la kurudi nyumbani vimefanya kazi hiyo kimyakimya. Jambo ambalo lilikuwa la mtaa mzima limekuwa la kundi moja la mtaa.

Tatu, niliona kwamba malipo ya mwezi yamekatwa kwa kipimo cha mtu mwenye mshahara. Mkulima wa mpunga hapa Kilombero hana mwezi, ana msimu. Fedha huja mpunga ukishavunwa na kuuzwa, katikati ya mwaka, na hapo ligi imekwisha au inakaribia kwisha. Ligi inaporudi mwezi wa nane bado ana akiba. Inapokolea, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, fedha yake iko ardhini katika kulima, mbegu na palizi, na familia inahesabu debe la mwisho. Ndiyo maana ving'amuzi vingi katika vijiji vyetu huwaka wakati wa mavuno na kuzimika wakati wa masika. Wenye navyo wanaupenda mpira mwaka mzima, ila fedha yao haitembei na kalenda ya kampuni.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya soko, serikali isiyaingilie. Lakini serikali imekwisha kuyaingilia mara nyingi, na si kila mara kwa matokeo iliyoyakusudia. Tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam, na tangu hapo hata chaneli isiyolipiwa imehitaji king'amuzi. Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza ving'amuzi vya satelaiti vyenye leseni ya kulipiwa viondoe chaneli za ndani ambazo kwa leseni zao zilipaswa kutazamwa bila malipo. Nia ilikuwa njema: chaneli ya bure isiuzwe. Lakini mtu wa kijijini ambaye minara ya mjini haimfikii, na ambaye njia yake pekee ilikuwa dishi, alijikuta amelindiwa haki yake mpaka hana pa kuitumia. Baadaye mambo yalirekebishwa. Mimi nilijifunza kwamba haki iliyoandikwa karatasini inahitaji njia ya kupitia mpaka ifike mlangoni kwa mtu.

Nchi nyingine nazo zimehangaika na jambo hilihili. Uingereza, ambako ligi kuu ilipoanza mwaka 1992 ilikwenda moja kwa moja kwenye televisheni ya kulipia, ina orodha ya michezo iliyokingwa kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1996: fainali za Kombe la Dunia, Olimpiki, fainali ya Kombe la FA na mingine michache lazima wananchi wapewe nafasi ya kuitazama bila kulipia. Kriketi ya mechi za taifa haikubaki katika kinga hiyo. Mwaka 2005 watu waliitazama bure timu yao ikiwashinda Waaustralia. Kuanzia mwaka 2006 mechi hizo zikahamia kwenye kulipia. Chama cha kriketi kilipata fedha nyingi, lakini kilipoteza macho mengi. Mwaka 2019 timu hiyo ilipofika fainali ya Kombe la Dunia, wenye haki wenyewe walikubali siku ile ionyeshwe pia kwenye chaneli ya bure. Naona walitambua kwamba ushindi usioonwa na watu unapungua utamu hata kwa aliyeununua.

India ilipitisha sheria mwaka 2007 inayomtaka mwenye haki za mchezo wenye umuhimu wa taifa agawane picha na shirika la utangazaji la umma, na mapato ya matangazo yagawanywe baina yao. Kwa upande mwingine, jirani zetu Kenya walionja hatari ya kutegemea mlipaji mmoja. SuperSport ilipojitoa katika ligi yao mwaka 2017, vilabu vilivyozoea fedha ile vilibaki vinahaha. Na wako wana Afrika Mashariki wanaoikumbuka GTV, iliyoanza mwaka 2007 ikiwa na mechi za ligi ya Uingereza, ikafungwa ghafla mwanzoni mwa mwaka 2009. Waliokuwa wamelipia walibaki na visanduku vya kuwekea vitambaa vya mezani.

Sasa nirudi nyumbani, maana jibu lililonituliza nililipata katika mito yetu wenyewe.

Kule Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, kuna bwawa na mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1975, yenye uwezo wa megawati 204. Maji huchukuliwa, huangushwa, huzungusha mitambo, na umeme wake huuzwa. Hakuna anayelalamika kwamba umeme unauzwa, kwa kuwa mitambo, nyaya na mafundi vina gharama. Lakini maji yenyewe hayafungiwi ndani. Yakimaliza kazi hurudi mtoni, na chini yake mashamba ya miwa huyapata. Aliyejenga mitambo ameuza alichoongeza, alichokikuta amekirudisha.

Ila kuna na kisa cha Kihansi. Huko nako, kwenye miinuko ya Udzungwa inayotazama bonde letu, ilijengwa mitambo ya megawati 180, ikaanza kazi miaka ya 1999 na 2000. Maji ya Kihansi pia hurudi mtoni. Lakini palikuwa na chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hakuonekana mahali pengine popote duniani. Yeye hakuishi ndani ya maji ya mto. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa njia, manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyiza yaliwekwa, lakini ugonjwa nao ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Bahati nzuri karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 kuhifadhiwa, na mwaka 2012 kizazi chao kikaanza kurudishwa Kihansi. Hesabu ya maji ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Walichokisahau ni kwamba wako wanaoishi kwa manyunyu.

Mchezo wa mpira nao una maji yake, ambayo hakuna kampuni iliyoyaleta. Simba na Yanga ni vilabu vya tangu miaka ya 1930. Thamani yao leo, ile inayofanya mkataba ufikie mabilioni, imejazwa tone kwa tone na watu waliosikiliza, waliobishana, waliowapa watoto wao majina ya wachezaji, waliouza kuku wakanunua betri. Mzee yule ameweka akiba humo kwa zaidi ya miaka 50, na hakuwahi kupewa risiti. Anayenunua haki za kuonyesha hununua na mapenzi ya mzee huyo yakiwa ndani ya kifurushi, ingawa hayakuandikwa mkatabani. Basi ni haki auze kazi ya kamera zake, mafundi wake na mitambo yake. Ila anadaiwa kuyarudisha maji mtoni, na sisi sote tunadaiwa kuwakumbuka wanaoishi kwa manyunyu: mtoto wa dirishani, mama wa ungo, mzee wa fimbo.

Kwa upande wa nchi, ningependa kuona tuna orodha fupi, inayojulikana na kila mtu, ya michezo isiyofungiwa: mechi za Taifa Stars na Twiga Stars, fainali ya klabu yetu yoyote katika Afrika, na pengine ile mechi ya watani. Orodha ikiwa ndefu, vilabu vitakosa kula. Ikikosekana kabisa, tutakuwa na timu za taifa ambazo taifa haliwaoni. Fainali za Mataifa ya Afrika zimepangwa kufanyika mwaka 2027 katika nchi zetu tatu, Kenya, Tanzania na Uganda. Itakuwa aibu mgeni kutoka ng'ambo aitazame hotelini kwake, na mkulima wa Malinyi aisikie kwa kuhadithiwa.

Lakini sheria haitanifikia mimi na kopo langu. Hilo lilikuwa langu kulimaliza mwenyewe.

Usiku uleule wa Novemba, baada ya watu kutawanyika, nilikwenda kwa mzee. Nilimkuta nje na wajukuu, redio iko gotini, TBC Taifa bado wanachambua. Aliponiona alinyoosha vidole vitano hewani, akacheka mpaka akakohoa. Wala hakutaja habari ya mlangoni. Nilimwambia, "Mzee, nisamehe kwa ya jioni." Akasema, "Mwalimu, utaratibu ni utaratibu." Alisema kwa upole, na ndiyo maana ikaniuma. Kama angenitukana ningerudi nimepungukiwa na deni.

Tangu siku hiyo kopo limerudi jikoni. Nilikaa na wenzangu wa mtaani, tukakubaliana hivi: baada ya mavuno, mwenye uwezo ataleta alichonacho, debe la mpunga au fedha, kwa mke wangu na si mlangoni, na hakuna atakayeandika nani ameleta na nani hakuleta. Fedha hiyo hulipia kifurushi mpaka itakapoishia. Sitamdanganya msomaji kwamba mpango huu hauna kasoro. Mwaka jana fedha iliisha mwezi wa pili. Wako wanaokula bila kuchangia, nao tunawafahamu. Kijana wangu bado anasema nimeshindwa biashara. Lakini wakati wa mechi mlango uko wazi, televisheni tumeitoa barazani, na akina mama wamerudi na nyungo zao.

Mzee alichukua muda kurudi. Mara ya kwanza alisimama mbali, kama mtu anayepita tu. Mara ya pili akakubali kiti. Siku hizi huja mapema, na huja na redio yake, jambo lililowashangaza vijana mpaka walipoelewa. Picha ya king'amuzi huchelewa kufika, na redio huitangulia kwa nukta kadhaa. Kwa hiyo sisi tukiwa bado tunamwona mchezaji anakimbia na mpira katikati ya uwanja, mzee, redio sikioni, tayari amesimama anashangilia bao. Vijana humwomba azime. Yeye hukataa, anasema kila mtu na utaratibu wake.